Meno ya Kusomea

Mzee alinirudishia meno yangu yakiwa yamefungwa kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi. Aliyaweka juu ya meza yangu taratibu, akasema ni mazuri sana lakini hayasomi.

Nasema meno yangu kwa sababu niliyatengeneza mimi. Mimi ni fundi wa meno. Chumba changu cha kazi kiko Magongo, juu ya duka la rangi, na kliniki inayonipa kazi nyingi iko ng'ambo ya ua. Daktari huona kinywa, mimi huona mfano wake wa plasta. Wako watu wengi Changamwe wanaotafuna nyama kwa kazi ya mikono yangu na hawalijui hata jina langu, nami siwalaumu, kwa kuwa tukikutana njiani mimi pia huwatambua kwa meno tu. Jina langu ni Philister. Nimezaliwa Chaani, baba yangu Musyoka aliendesha winchi bandarini mpaka akastaafu, na kama kuna kitu nimerithi kwake ni hasira za karibu. Kazi yangu ikitiwa dosari, moyo huanza kunichemka kabla maneno hayajaisha.

"Hayasomi vipi, mwalimu?" nikamuuliza. "Meno ni ya kutafunia."

Alikuwa mtu mwembamba wa kanzu, kofia yake imetiwa nakshi kwa mkono, na kila alipozungumza alikinga mdomo kwa vidole. Meno manne ya mbele ya juu hayakuwapo. Nyuma yake alisimama binti yake, Safa, ambaye aliposikia sauti yangu ikipanda alitazama chini. Mzee mwenyewe hakukasirika. Aliitwa Mwalimu Mahfudh, na alisomesha Kurani kwenye chuo cha watoto huko Mtongwe, upande wa Likoni.

"Mwanangu, herufi zina makao," akasema. "Ziko zinazokaa kooni, ziko zinazokaa kwenye kaakaa, na ziko zinazokaa kwenye ncha za meno ya mbele. Nilipoanguka nilipoteza nyumba ya hizi za mbele. Wewe umenijengea nyumba yao, Mungu akujaze kheri. Lakini kile kibao cha plastiki kinachoshikilia meno kimelala juu ya kaakaa lote, kimewatoa wenyeji wengine kwao."

Nilifungua leso nikayatazama meno yale. Kibao kilikuwa chembamba, waridi kama ufizi wenyewe, hakina hata chembe ya hewa ndani. Nilikuwa nimekikeshea. Nikamwambia kwa ukavu kidogo kwamba ulimi huzoea, watu wote huzoea.

"Naam, ulimi huzoea," akasema. "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Kisha akaniuliza kama nataka kuona. Akatoa mkono mdomoni. Akaniambia herufi fe hukaa hapa, ncha za meno ya juu zinapogusa tumbo la mdomo wa chini, akajaribu kutamka, ukatoka upepo mtupu. Akaniambia the hukaa hapa, ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno yale yale, na ulimi ukachomoza pengoni kama mtu aliyekosea mlango. Akaenda hivyo herufi kwa herufi, akitaja kila moja hukutana wapi na nini, na mimi nikasahau kuendelea kukasirika.

Kwa sababu niliyajua hayo. Nilikosomea ufundi Nairobi, mkufunzi wetu alituonyesha kwa picha ukutani: ukitaka kujua jino la bandia ni refu au fupi, mwambie mgonjwa atamke f uone ncha inagusa wapi mdomo wa chini, kisha s uone ulimi umepata nafasi kiasi gani. Alitufundisha kama jambo lililogunduliwa juzi. Nikamuuliza mzee alijifunza wapi.

"Mkekani," akasema. "Tuliimba tukiwa watoto. Na aliyenifunza naye aliimba."

Nikamtazama mdomoni tena, safari hii bila haraka. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi nikidhani ni ya kwetu sisi wa plasta na nta.

Adhuhuri ikaadhiniwa, mzee akaomba ruhusa akaenda kusali msikiti wa jirani. Safa akabaki. Baba yake alipokwisha kuteremka ngazi, alivuta kiti akakaa karibu nami, akaniambia yale ambayo mbele yake asingethubutu.

"Dada, wallahi hujui tumefikaje hapa. Baba aliteleza akitawadha, akapiga mdomo kwenye ukingo wa birika la saruji. Mawili yalivunjika palepale, mawili daktari akayang'oa. Alipopata nafuu akarudi kusomesha. Watoto hawakumcheka. Kwetu mtoto hufunzwa hivi: mtazame mwalimu mdomo, akitamka nawe tamka vilevile, usizidishe, usipunguze. Basi wakafanya vilevile. Baba akisema sini, ile s yetu, ulimi ukitoka pengoni, nao wakatoa ulimi. Watoto wana meno yao kamili, dada, wanasoma kama vibogoyo."

"Na hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Wazazi waliwasikia nyumbani. Mimi mwenyewe nilimsikia mwanangu nikanyamaza, nikasema labda ni utoto. Mwalimu aliyekusomesha wewe na mumeo na mawifi zako, utamwambia nini? Mpaka Maulidi. Watoto wakasimama mbele ya watu, wakaanza kusoma kwa pamoja. Mmoja akikosea hujui. Wakikosea wote kosa moja, mahali pamoja, litasikika hata kwa kiziwi. Baba alikuwa amekaa mbele. Nilimwona akiinua kichwa. Alijisikia yeye, dada. Alilisikia pengo lake kwenye vinywa vya watoto wa watu."

Akapanga pindo la buibui yake gotini.

"Kesho yake akafunga chuo. Amesema hakai tena kwenye mkeka ule mpaka herufi zimrudie, na zisiporudi, basi chuo cha babu yake kimekwisha naye. Watoto wengine wamepelekwa vyuo vingine, na huko wanachekwa. Baba hasinzii. Usimwambie nimekwambia."

Sikumwambia. Alipopanda ngazi tena nilimpokea kwa shikamoo ambayo mwanzo nilikuwa nimeisahau, akaitikia marahaba kwa upole uleule, nikaona haya.

Daktari Clifford ni mtu wa Kitale, na mkono wake ni mwepesi kuliko Kiswahili chake. Wiki ile tulikaa naye kwenye kliniki, mzee kwenye kiti cha wagonjwa, mimi na mfano wa plasta wa taya lake mkononi.

"Sasa mzee, njia ziko tatu," akasema Clifford. "Ya kwanza ni ile ulitupa."

"Sikuitupa, daktari. Nimeirudisha."

"Sawa, ulirudisha. Ya pili, tunaingiza skrubu ndani ya mfupa, halafu juu yake tunafunga jino. Hiyo ndiyo iko karibu sana na jino yako mwenyewe. Lakini sukari yako iko juu, na mfupa hapo mbele uliisha vile ulianguka. Itabidi tuongeze mfupa kwanza, tungoje ishike, ndio tuweke skrubu, tungoje tena. Inaweza maliza mwaka, na siwezi kukuahidi itakubali."

"Mwaka," akasema mzee. Nikajua anawahesabu watoto.

"Ya tatu ni daraja. Tunachonga haya meno mawili ya chonge, hii ya huku na hii ya huku, yanakuwa kama nguzo. Philister anatengeneza meno sita yameshikana, tunagandisha juu ya hizo nguzo. Haitoki, na haifuniki kaakaa. Kaakaa yako inabaki vile Mungu alikupa."

"Na hayo mawili unayotaka kuyachonga, ni mazima?"

"Mazima kabisa."

"Yakishachongwa?"

"Hayarudi."

Mzee alipitisha ulimi kwenye chonge moja, kisha nyingine. Akasema kwao mtu haruhusiwi kuchonga jino kwa ajili ya urembo. Lake yeye si urembo, hilo alilijua. "Lakini nafsi ina hila," akasema. "Nipeni siku nikaulize wanaonishinda elimu. Na mimi nikajiulize kama nazitaka herufi, au nataka tu kurudi kuitwa mwalimu."

Clifford alinitazama, mimi nikatazama plasta. Kwenye kiti kile huwa tunaulizwa yataonekana vipi kwenye picha za harusi, na kama mtu akibusu yataanguka.

Alirudi Alhamisi. Akasema ameambiwa tiba ni tiba.

"Na lile la pili?" nikamuuliza. Sikujizuia.

"Lile hakuna wa kunijibu. Chonga, daktari."

Alishika mikono ya kiti akafumba macho, na Clifford akayachonga meno yale mawili mazima mpaka yakabaki vigingi vidogo. Nimeona machozi mengi kwenye kiti kile, ya sindano na ya bili. Mzee hakulia, lakini midomo ilikuwa ikisoma kitu bila sauti wakati wote mashine ilipokuwa mbali na kinywa.

Daraja halitengenezwi kwa kauri mara moja. Kwanza hutengenezwa la plastiki, mgonjwa akalijaribu, likarekebishwa kinywani kwa kupunguza hapa na kuongeza pale, mpaka kila mtu aridhike. Ndipo mimi nanakili umbo lile kwa kauri, na kauri ikishachomwa kwenye tanuri na kugandishwa mdomoni, hakuna tena kubadili nia. Nililitengeneza la plastiki kwa vipimo vya uso wake, upana wa pua, mstari wa macho, kama nilivyofunzwa. Lilikuwa zuri. Mzee alipolivaa Safa alisema amekuwa bwana harusi.

Fe ikatoka. The ikatoka, nzito kidogo. Sini ikapiga mluzi.

Clifford akapunguza, nikaongeza nta, akapunguza. Mluzi ukaisha, ukaja kitembe kama cha mtu anayezungumza na peremende mdomoni. Baadaye ikawa nzuri. Clifford akavua glavu akasema iko sawa sana, mtu wa kawaida hawezi jua.

"Watoto watajua," akasema mzee.

Clifford akavaa glavu nyingine. Siku ile hatukufika popote, na iliyofuata vilevile. Kila umbo nililolijaribu lilitoa herufi ambayo mimi ningeipigia makofi, na mzee alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba anasikitika kunisumbua. Nikaanza kukasirika tena. Nikamwambia Safa alete picha za zamani, zozote zinazoonyesha meno. Akaleta kitambulisho, akaleta picha za simu, akaleta hata picha ya harusi ya wazazi wake iliyofifia. Kwenye zote mdomo umefungwa. Wanaume wa Mtongwe wa miaka ile, inaelekea, waliingia kwenye ndoa kama wanaingia mahakamani.

"Mwalimu," nikasema, "nisaidie basi. Meno yako yalikaaje? Yalitokeza? Yalipishana? Kulikuwa na mwanya?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui, mwanangu. Sikuwahi kuyatazama. Nilikuwa nikiyatumia."

Niliweka nta yangu chini. Nilikuwa tayari kumwambia daktari kwamba kazi hii imenishinda. Mzee akaendelea kufikiri, kidole kwenye ndevu, halafu akasema, "Lakini yuko aliye nayo."

"Nani?"

"Johari. Wa Kisauni."

Nilidhani ana maana Johari anayo picha. Kwa hiyo siku Bi Johari alipoingia kliniki, mwanamke mtu mzima wa buibui nyeusi na miwani, nilimwamkia kisha nikanyoosha mkono kupokea. Akaniambia, "Picha sina, bibi. Nimekuja na mdomo."

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mzee. Alikaa mbele yake tangu hajang'oka meno ya utoto mpaka akauhitimu Msahafu wote, na sasa anasomesha wasichana wake mwenyewe huko Kisauni. Alivuta kibao cha kukalia akakiweka mbele ya kiti cha mgonjwa, akavua miwani, akapiga bismillahi na kusoma aya fupi.

Nimezaliwa Mombasa. Nimeisikia Kurani kutoka kwenye vipaza sauti tangu tumboni mwa mama, kama nilivyosikia honi za malori na king'ora cha bandari, na sikuwahi hata siku moja kuisikiliza kama kitu kinachofanywa na mdomo wa mtu. Sasa nilikuwa karibu kiasi cha kuona ulimi. Ulikwenda, ukagusa, ukaondoka, ukagusa kwingine, hakuna pahali ulipobabaika, na kila ulipogusa herufi ilikuwapo kamili, ikawapisha wenzake. Meno ya Bi Johari yenyewe yalikuwa ovyo. Yamebanana, moja limejificha nyuma ya mwenzake, taya dogo ambalo ningelijua kwenye rafu yangu kati ya mengine yote. Hayakuweza kufanana na meno ya mzee kwa kipimo chochote.

Alipofika kwenye sini, Safa alishika mdomo.

"Ni baba," akasema.

"Nini baba?"

"Hiyo. Ndiyo sini ya baba ya zamani."

Ilinichukua muda kuielewa. Mtoto alikuwa amekaa mkekani akafuata sauti iliyotoka kwenye meno ya mtu mwingine. Ulimi wake ukatafuta njia kupita kwenye meno yake mwenyewe yaliyobanana, ukaipata, ukaishika, akaolewa, akazaa, akazeeka nayo. Meno ya mzee yalikwenda na maji ya birika. Sauti yao ilikuwa Kisauni muda wote huo, nzima.

Tukaanza upya. Bi Johari alitamka, mzee akarudia, mimi nikainama baina yao nikitazama midomo miwili na kusikiliza tofauti. Sijui alifu wala be. Lakini tofauti niliisikia, na vidole vyangu vilijua iko wapi. Nikamwambia Clifford apunguze nyuma ya jino la mbele la kulia. Akapunguza. Nikamwambia aongeze plastiki kwenye ncha ya lile la pembeni, akaongeza, nikamwambia limezidi. Hakunibishia hata mara moja, na Clifford hubishana hata na picha ya eksirei. Mzee alikuwa amefumba macho. Bi Johari alirudia herufi moja tena na tena bila kuchoka, bila hata kuharakisha, kama mama anayemlisha mtoto uji.

Niseme ukweli, iliniuma. Nimefunzwa kutengeneza meno mazuri, na haya yalikuwa yanazidi kuharibika machoni pangu. Jino la kulia likarudi ndani kidogo. La kushoto likawa fupi kuliko mstari wa mdomo unavyotaka. Mwanya mdogo ukatokea mahali ambapo mimi, kwa hiari yangu, ningekatwa kidole kabla sijauacha. Yule bwana harusi aliyeonwa na Safa alikuwa anaondoka, na mahali pake anakaa mzee ambaye hakuwahi kutabasamu kwenye picha.

Halafu mzee akasoma sini, na Bi Johari hakusoma baada yake.

Tulimngoja. Mzee akadhani bado haijawa sawa, akairudia. Bi Johari aliinuka kwenye kibao chake, akakisogeza kando, akakunja buibui yake akaketi chini sakafuni mbele ya kiti, juu ya vigae vya kliniki, miguu imekunjwa, kichwa kimeinama, kama anavyoketi mwanafunzi. Alikuwa analia bila sauti. Clifford aliyekuwa ameshika mashine akaniuliza kuna nini. Nikamwambia anyamaze.

"Soma, mwalimu," akasema Bi Johari. "Mimi nafuata."

Na mzee akasoma, bila mkono mdomoni. Sijui alisoma muda gani. Wagonjwa waliokuwa wakingoja nje walinyamaza, na nilijua hivyo kwa sababu kwenye kliniki yetu haijawahi kutokea. Alipomaliza nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua: yeye naye sini ile aliipata wapi?

"Kwa babu yangu."

"Naye alikuwa na meno kama yako?"

"Meno ya babu sikuyajua. Alikuwa na ndevu nyingi. Naye aliipokea kwa mtu, na mtu huyo kwa mtu. Meno yao wote yameliwa na udongo, mwanangu. Wewe umeishika tu njiani ikipita."

Nililibeba lile daraja la plastiki mpaka juu kwenye chumba changu kwa mikono miwili, na hapo ndipo woga ulipoanza. Nimenakili meno zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Ukikosea upana wa unywele hakuna anayejua, na akijua anarudi, unasugua kidogo, anakwenda zake. Haya nilipima, nikapima, nikafuta, nikaanza tena. Nilipoyatoa kwenye tanuri sikuyagusa mara moja. Nikaenda dirishani kwanza nikatazama malori ya Magongo.

Yalipogandishwa mdomoni, mzee alisoma kidogo, akatikisa kichwa kuridhika, akaniombea dua ndefu ambayo Clifford aliitikia amina mara mbili kabla haijaisha. Akaniambia Alhamisi na Ijumaa chuo hakisomwi. Jumamosi nije nikasikie.

Nikaenda. Chuo chenyewe ni baraza ya nyumba yao, paa la mabati, mikeka mirefu, na juzuu zimepangwa kwenye vibao vya kusomea. Watoto walikuwa wamerudi, hata wale waliopelekwa kwingine, wameoga, wamenyooshewa nguo, wazazi wamesimama uani wakijifanya wana shughuli. Safa alinipa kigoda karibu na mlango. Mzee akatoka, akasimama mbele ya mkeka wake kwa kitambo, kisha akakaa.

Akatamka sini. Watoto wakaitikia, na ndimi zote zikatoka nje.

Nilimtazama Safa. Kwa namna fulani nilidhani meno yakipona kila kitu kimepona. Akatamka tena, wakaitikia vilevile, kwa bidii zaidi, kwa kuwa walikuwa watoto wenye adabu na walichofunzwa walikihifadhi. Mama mmoja uani akageuza uso. Mzee hakuwakemea.

"Sikilizeni," akasema. "Hiyo mnayosoma ni yangu. Niliwapa kwa makosa. Hamna kosa nyinyi hata kidogo, mlipokea kama mlivyopewa. Sasa nataka mnirudishie. Nirudishieni hiyo, niwape nyingine."

Akawaita mmoja mmoja, kila mtoto akapiga magoti mbele yake, akamtazama mdomoni. Yeye alifungua midomo yake akawaonyesha, mzee ambaye kwa miezi mingi alizungumza nyuma ya vidole. Walikuwa wanatazama kazi yangu kwa karibu kuliko ambavyo daktari yeyote amewahi kuitazama. Wa kwanza alijaribu mara nyingi ndipo ulimi ukakubali kubaki ndani. Wa pili akaipokea upesi kidogo. Alipofika kibinti kimoja, Biasha, ilionekana hana meno ya mbele kabisa, ya utoto yamemtoka wiki ile. Akajaribu, upepo, akajaribu, upepo, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Wewe ngoja," mzee akamwambia. "Yako yaja yenyewe, hayataki fundi." Watoto wakacheka, na mzee akacheka nao, na uani nikasikia mtu akishusha pumzi.

Kisha akawasomesha kwa pamoja. Mwanzo ilikuwa vurugu, wengine na ile ya zamani, wengine na hii. Akarudia. Akarudia. Sijui ilikuwa mara ya ngapi ndipo zilipokutana, na sini ikapita mkekani kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kavu, nyembamba, safi.

Niliijua. Niliisikia pale jino la kulia lilipoingia ndani kidogo. Niliisikia ncha ya kushoto niliyoifupisha, na ule mwanya ulioniuma, nikavisikia vyote vikitoka kwenye vinywa vya watoto ambao sikuwahi kuwapima taya. Kauri ikiwa na kosa hurudi juu ya meza yangu. Hii isingerudi. Ingekwenda na hawa mpaka kwa watoto wao, na kwa wanafunzi wa watoto wao, mahali ambapo hakuna atakayejua kulikuwa na Mkamba mmoja Magongo mwenye hasira na vumbi la kauri kwenye kucha. Mimi ni mtu wa kanisani tangu utotoni. Nilimwogopa Mungu asubuhi ile kuliko nilivyowahi kumwogopa nikiwa nimepiga magoti.

Mzee aliinua mkono, watoto wakanyamaza. Akanigeukia mlangoni.

"Fundi, wasikia?"

"Nasikia, mwalimu."

"Ukisikia kosa, lolote, sema sasa. Kesho watakuwa washalihifadhi."

Akawapa ishara, wakasoma. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, kila mtoto, mpaka masikio yakaniuma. Walipomaliza wote walinigeukia wakiningoja, na mwalimu wao naye akaningoja.

"Sikusikia kosa," nikasema.

Akainamisha kichwa kunishukuru, kisha akawarudia watoto, akawapeleka kwenye herufi iliyofuata.